Baba Anataka Kuuza Mikorosho Nikasome Utandawazi London

Shikamoo Mwalimu,

Nina miaka 29, naishi Masasi. Nilimaliza shahada ya ushirika kule Moshi miaka mitano iliyopita, na tangu hapo nipo kwenye chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Nilianza kama karani wa mizani, sasa ni mhasibu. Nina mtoto wa kike wa miaka minne. Baba yake tuliachana bila ugomvi, yuko Lindi, anatuma matumizi akipata.

Mwaka juzi shangazi yangu anayeishi Muscat alikuja likizo na zawadi zake, na ndani yake kulikuwa na kopo la korosho za kukaanga. Watu wakacheka: korosho kuletwa Masasi! Mimi nililigeuza kopo nikasoma. Zimebanguliwa na kufungashwa Vietnam. Siwezi kusema zilitoka kwetu, lakini msimu ule nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu magunia na magunia ya korosho ghafi yaliyokwenda bandari ya Mtwara, na wanunuzi walioyachukua mnadani walikuwa wanayapeleka India na huko huko Vietnam. Usiku ule sikulala. Kwa nini zivuke bahari na maganda yake, halafu tuzinunue zikirudi kwenye kopo? Nilimwuliza meneja wetu, akaniambia ndiyo biashara ilivyo.

Nikaanza kutafuta mahali ambapo swali hili linasomwa. Nikapata chuo kimoja London chenye masta ya maendeleo ya uchumi na utandawazi, mwaka mmoja. Nimekubaliwa. Ada ni pauni 24,000, wamenipunguzia 5,000. Wanataka amana ya pauni 2,000 kabla mwezi ujao haujaisha. Wakala aliyenisaidia, yupo Dar, ananipigia simu kila siku. Anasema nafasi kama hii hairudi, pesa ya kula nitaipata kwa kufanya kazi nikifika, na mtoto atanifuata nikishatulia.

Baba ana miaka 67. Ana ekari nane za mikorosho na amesema atauza sita. Maneno yake ni haya: "Mimi nimekula korosho, wewe ukale elimu." Mama yuko kimya. Kaka yangu, ambaye ndiye anayepalilia na kupulizia salfa, hii ni wiki ya tatu hajaniitikia salamu.

Nina nafasi nyingine pia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uzamili wa taaluma za maendeleo, Development Studies, kwa kifupi DS. Kazini walinicheka. "DS? Ile ya mwaka wa kwanza? Unaenda kusoma siasa?" Bosi wangu anasema nisome usimamizi wa biashara nipate cheo.

Mwalimu, naomba uniambie mambo mawili. Nikubali shamba liuzwe? Na je, hii elimu ya maendeleo na utandawazi ina kitu ndani yake, au ni maneno matupu yenye cheti?

Mpima Magunia, Masasi

*

Marahaba mwanangu.

Shamba lisiuzwe. Nalitanguliza hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Chukua kalamu, wewe ni mhasibu. Ada iliyobaki ni pauni 19,000. Serikali ya Uingereza, kabla ya kukupa viza ya mwanafunzi wa London, inataka uoneshe fedha ya kujikimu inayozidi pauni 1,400 kwa kila mwezi, kwa miezi 9, na fedha hiyo iwe imekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua. Hizo ni zaidi ya pauni 12,600. Kuna mchango wa lazima wa huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka. Tumeshavuka pauni 32,000 na bado hujalipia viza yenyewe wala tiketi ya ndege. Hapo tunazungumzia shilingi milioni 100 hivi. Bei ya ekari hapo kwenu unaijua kuliko mimi. Gawanya, kisha uone kama ekari sita zinafika, au kama baba atauza sita leo na mbili zilizobaki mwezi wa pili utakapompigia simu umekwama.

Sasa huyo wakala. Mwanafunzi wa uzamili kule anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kwa saa hizo utapata chakula na nauli, London haitakuachia cha kulipia ada. Na hili la mtoto limenikasirisha, nakuandikia waziwazi. Tangu Januari 2024 mwanafunzi anayekwenda Uingereza kusoma uzamili wa kufundishwa darasani, kama huu wako, haruhusiwi kwenda na mume, mke wala mtoto, wala kuwaita baadaye kwa viza hiyo. Walioachiwa ni wanaosoma kwa utafiti na wanaofadhiliwa na serikali. Mtu anayefanya kazi ya kupeleka wanafunzi Uingereza na hajui jambo hilo hafai kukushauri. Kama analijua na bado amekwambia mtoto atakufuata, usipokee tena simu yake.

Mimi nilimwacha binti yangu kwa mama akiwa na miaka miwili, nikaenda The Hague, Uholanzi, kusoma masomo ya aina hiyohiyo. Nilikuwa na ufadhili kamili, kila kitu kimelipwa. Niliporudi aliniita shangazi. Ilichukua miezi kadhaa kabla hajaniita mama, na hadi leo ameshakuwa mtu mzima bado nalikumbuka tukiwa tumekaa tu. Sikukatazi kwenda kwa sababu hiyo. Nataka ulijue ukiwa bado Masasi, maana wewe ungekwenda na uchungu huohuo na deni juu yake.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, lililonifanya niweke kando barua nyingine zote.

Umeuliza kama elimu hii ina kitu ndani. Kopo la shangazi yako ndilo somo lenyewe. Muulize baba yako, alikuwa kijana wa miaka kumi na kitu: msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 tukavuna tani 16,500 hivi. Mti haukuhama, ardhi haikuhama. Atakwambia habari za Operesheni Vijiji, watu walivyohamishiwa vijiji vipya na mikorosho ikabaki mbali, ikamezwa na pori. Atakwambia ubwiriunga ulivyoyafunika maua unga mweupe yakakauka kabla hayajashika tunda. Atakwambia na bei aliyokuwa analipwa. Na miaka hiyohiyo ambayo korosho zilikuwa zinapungua, nchi ilikuwa inajenga viwanda vya kubangulia, 12 kwa jumla, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, ya Waitaliano na ya Wajapani. Viwanda vikakamilika hakuna korosho za kutosha kuvilisha. Vingine hata leo vinatumika kama maghala, na huenda magunia yako unayaweka humo.

Angalia tena mwaka ule 1986. Ndio mwaka serikali yetu ilipotia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa na kuanza kuilegeza biashara. Desemba ya mwaka huohuo, chama tawala cha Vietnam, nchi iliyokuwa imetoka vitani na maskini kama sisi, kilipitisha mageuzi yanayoitwa Doi Moi. Nchi mbili, vyama viwili vya kijamaa, mwaka mmoja, zote zinafungua milango. Leo Vietnam inaongoza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, na sehemu kubwa ya korosho ghafi inazobangua hainunui kwa wakulima wake, inazitoa Afrika. Ulichojiuliza usiku ule watu wazima wenye shahada za uzamivu wanakijadili hadi sasa. Kuna wanaosema tofauti ni jinsi serikali ilivyovisimamia viwanda, na kuna wanaosema ni ukubwa wa nguvukazi na mishahara. Wengine wanataja mikopo, umeme, mashine walizojitengenezea wenyewe. Jibu la neno moja sina, na mwalimu yeyote atakayekupa jibu la neno moja mwogope.

Halafu vuka Ruvuma. Darasani kwetu The Hague kulikuwa na mama mmoja Mmakua kutoka Nampula, Mmakua kama majirani zako wa hapo Masasi, ndugu wa ng'ambo ya mto. Yeye ndiye aliyenisimulia viwanda vya kwao. Msumbiji iliwahi kuwa ya kwanza duniani kwa korosho. Katikati ya miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliwabana wapunguze ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje. Hoja yao haikuwa ya kijinga, na nakuomba uisikilize kwa haki: ushuru ule ulikuwa unashusha bei ya mkulima ili kiwanda kipate malighafi rahisi, maana yake mkulima maskini anabeba kiwanda mgongoni. Ondoa ushuru, mkulima atapata bei nzuri. Ushuru ukapunguzwa. Wanunuzi wa India wakachukua korosho ghafi, viwanda vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi, wengi wao kina mama waliokuwa wakibangua, wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Baadaye wanauchumi watatu, McMillan, Rodrik na Welch, wakakaa chini kupiga hesabu. Wakakuta kaya ya mkulima wa kawaida ilipata nyongeza isiyozidi dola 5 na senti kidogo kwa mwaka. Dola tano, mwanangu! Sehemu kubwa ya bei ya bandarini ilikuwa haimfikii mkulima, inaishia kwa wafanyabiashara walioko katikati. Na upande wa pili wa mizani kulikuwa na kazi za watu viwandani.

Yule mama wa Nampula aliposimulia hayo darasani alilia, na mwalimu wetu alimwacha amalize, kisha akamwuliza swali moja: ungekuwa waziri, ungerudisha ushuru na kumwambia mkulima asubiri? Hakuna aliyejibu haraka. Ndiyo elimu unayoiulizia. Unafundishwa kulishika jambo linalouma, ulitazame kwa upande wa mkulima, wa mbanguaji, wa mnunuzi na wa hazina, kisha utafute namba. Na hapa kwetu, Novemba 2018, serikali ilipokataa bei za wanunuzi na kutuma jeshi likusanye korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilikuwa inajibu swali la aina hiyohiyo: ufanye nini wauzaji wakiwa laki kadhaa na wanunuzi wakiwa wachache? Wewe ulikuwa chuoni Moshi. Baba yako alikuwa na magunia. Mna mengi ya kuzungumza jioni.

Lakini waliokucheka wana chembe ya ukweli. Zipo masta za maendeleo ambazo ni maneno matupu. Unakwenda, unajifunza kutamka "uwezeshaji" na "ushirikishwaji" kwa lugha tatu, unarudi huwezi kusoma jedwali la bei. Usihukumu kwa jina la chuo. Omba orodha ya masomo, somo kwa somo. Tafuta takwimu. Tafuta uchumi wa biashara ya kimataifa na sera ya viwanda, tafuta angalau somo moja la historia ya uchumi, na uhakikishe tasnifu unachagua mada mwenyewe. Orodha ikiwa ni mijadala mitupu kuhusu utandawazi mwanzo hadi mwisho, iache hata kama iko London, hata kama wamekupunguzia ada.

Ndiyo maana nakuomba usiidharau Dar. Taasisi ya Taaluma za Maendeleo pale Mlimani ilianzishwa 1973, wakati ambao watu walikuwa wanatoka Amerika na Karibiani kuja Dar es Salaam kujifunza mambo ya maendeleo. Mwanahistoria Walter Rodney wa Guyana alifundisha chuoni pale hadi 1974. Waliokucheka wanakumbuka noti za DS walizokariri usiku wa mtihani, na uzamili ni kitu kingine. Ukiona hesabu zako ziko vizuri, ulizia pia upande wa uchumi, kuna mpango wa pamoja wa uzamili unaosimamiwa kutoka Nairobi na muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika, ule ulioanzishwa 1988, na Dar imo. Dar una mtoto umbali wa basi la usiku mmoja. Na wewe una kitu ambacho darasa zima halitakuwa nacho, popote utakapokwenda: miaka mitano ya daftari za mizani na minada. Omba ruhusa ya chama kwa maandishi kuzitumia kwenye utafiti, uombe sasa ukiwa bado mhasibu wao.

Kuhusu bosi wako: kwa cheo, ushauri wake ni mzuri. Ila wewe hukukosa usingizi kwa ajili ya cheo.

Kama moyo bado uko ng'ambo, nenda kwa ufadhili kamili. Wiki hii kiandikie chuo cha London uombe nafasi yako iahirishwe mwaka mmoja. Vyuo vingi hukubali. Amana usilipe mpaka wakujibu kwa maandishi ni lini inarudishwa na ni lini hairudi. Chevening ya serikali ya Uingereza hufungua dirisha lake mwezi wa Agosti, inalipa ada, tiketi na posho, inataka uwe na saa 2,800 za kazi, nawe unazo mara kadhaa, na inakutaka urudi nyumbani ukae miaka miwili. Sharti hilo kwako si mzigo. Kuna ufadhili wa pamoja wa Jumuiya ya Madola, ambao serikali ya Uingereza na chuo wanagawana gharama. Na kuna wa Kijerumani, DAAD, wenye kundi maalumu la kozi za maendeleo: wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na shahada yako ya mwisho isiwe imezidi miaka sita. Yako ina mitano. Huo ndio mlango pekee unaokuharakisha kweli, wala si ule wa wakala. Insha ya maombi usiandike kwamba una ndoto ya kuiletea Afrika maendeleo. Andika habari za kopo. Andika jinsi magunia yanavyopimwa. Andika kangomba, mkulima anavyouza korosho zikiwa bado maua kwa sababu mtoto anaumwa, na useme unataka kujua nini ambacho hukijui.

Yamebaki ya nyumbani, ambayo nadhani ni magumu kuliko viza.

Kaka yako hajakuchukia. Shamba hilo kwenye hati ni la baba, lakini kila Juni anayeamka alfajiri na pampu ya salfa mgongoni ni yeye, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza. Hukusema kwenye barua kama ulimwuliza, nami nimechukulia kwamba hukumwuliza. Mfuate shambani, usimwite sebuleni. Mwambie shamba haliuzwi kabla hujamwambia baba, awe wa kwanza kulisikia.

Baba ni kazi nzito zaidi. Mzee aliyejitolea mbele ya mkewe na wanawe, ukimwambia tu "sitaki" umemvua nguo. Nenda na mama, au mjomba kama yupo karibu. Mshukuru kwanza, umshukuru kwa kirefu. Mwambie zawadi umeipokea, na kwamba unachomwomba ni kukutunzia mikorosho, kwa sababu utafiti wako utaanzia humo na yeye ndiye atakuwa mtu wa kwanza kumhoji, miaka ya sabini na ya themanini yote anayo kichwani. Halafu mwombe kitu ambacho atakitoa yeye, asibaki mikono mitupu. Pasipoti ni shilingi 150,000. Aliyekuwa tayari kutoa ekari sita hatashindwa na hiyo, na ikishatoka mkabidhi aiweke kwenye sanduku lake pamoja na hati ya shamba, mpaka siku barua ya ufadhili itakapofika.